Dawa ya ukurutu mwaka 1910: Cuticura, D.D.D., Zam-Buk, Resinol au chupa ya kusafisha damu?

Mwaka 1910 mtu wa Boston au Leeds aliyesumbuliwa na ukurutu, huu ambao wengi wetu siku hizi tunauita pumu ya ngozi, hakukosa dawa. Alikosa namna ya kuchagua. Magazeti yalijaa marhamu za kuponya kila kitu, maji ya kukata mwasho papo hapo, na chupa zilizodai kwamba kosa si la ngozi, ni la damu. Kila moja ilikuwa na barua za watu waliopona baada ya kuhangaika miaka. Na daktari naye hakuwa mbali sana na muuza duka: haidrokotisoni ya kupaka, dawa ya ukurutu inayotegemewa leo, ilikuja kuripotiwa mwaka 1952, miongo minne baadaye.

Nimeweka hapa dawa tano zilizotangazwa sana Uingereza na Marekani, pamoja na moja isiyotangazwa kabisa, kwa ajili ya mtu anayetaka kujua angechukua ipi. Huenda ni mwanafunzi wa historia ya tiba, au mwandishi anayemtafutia mhusika wake kopo la kuweka kabatini, au mwenye ukurutu wa leo aliyeona jina la zamani na kujiuliza kama lilikuwa na maana yoyote. Msomaji wa kundi hilo la mwisho naomba anielewe mapema: humu hamna dozi ya kufuata, na baadhi ya viambato nitakavyotaja havifai kabisa kumgusa mtoto.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni kilichomo ndani. Hapa ndipo mnunuzi wa zamani alipofungwa macho, maana fomula zilikuwa siri. Uingereza, dawa hizi zilibandikwa stempu ya ushuru, utaratibu ulioanza mwaka 1783 na kudumu hadi 1941, na wanunuzi wengi waliichukua stempu ile kama serikali imesema dawa ni nzuri. Serikali ilikuwa imesema kodi imelipwa, basi. Marekani, sheria ya mwaka 1906 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1907 ililazimisha lebo zitaje pombe, kasumba, mofini, kokeni, klorali na vitu vingine vichache. Vilivyobaki mwenye kiwanda alivificha akitaka. Tunachokijua kinatokana zaidi na wakemia: Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha uchambuzi wake mwaka 1909, na kile cha Marekani kilikuwa na maabara yake tangu 1906.

Cha pili ni hali ya ngozi yenyewe, na kwangu hiki ndicho kigezo kinachoamua. Ukurutu mbichi, mwekundu, unaotoa majimaji na kufanya ukoko, unataka kutulizwa na kuachwa. Ukurutu wa muda mrefu, ulio mkavu, mnene na wenye mipasuko, unataka kulainishwa, na pengine kuchunwa kidogo kwa dawa kali. Dawa inayomsaidia wa pili inaweza kumuunguza wa kwanza. Matangazo hayakutenganisha watu hawa wawili hata siku moja. Neno lilikuwa moja tu, na dawa moja.

Vingine ni bei, madhara, na nadharia ambayo dawa imejengewa. Nadharia nimeiingiza kwa sababu ndiyo iliyomfanya mtu anywe au apake. Kulikuwa na ya damu chafu, ambayo ni ya kale. Kulikuwa na ya vijidudu, iliyokuwa mpya na ya kisayansi: Paul Unna wa Hamburg, mmoja wa wakubwa wa tiba ya ngozi, alidai katika miaka ya 1890 kwamba ukurutu unaletwa na vijidudu, na suala hilo likajadiliwa katika mkutano wa kimataifa wa madaktari wa ngozi Paris mwaka 1900, wengi wasikubaliane naye. Na kulikuwa na ya mitishamba, isiyohitaji maelezo mengi.

Cuticura

Hii haikuwa dawa moja. Kampuni ya Potter ya Boston iliuza utaratibu mzima: sabuni, marhamu, na Resolvent, ambayo ilikuwa dawa ya kunywa au vidonge vilivyopakwa chokoleti. Maelekezo ya tangazo yalikuwa haya: oga kwa maji ya moto na sabuni ya Cuticura ili magamba yatoke, jikaushe bila kusugua, paka marhamu taratibu, kisha meza Resolvent ili damu ipoe. Tangazo lao maarufu liliwalenga wazazi. Liliahidi usingizi kwa watoto wanaoteswa na ngozi na mapumziko kwa mama waliochoka. Mtu yeyote aliyewahi kulala na mtoto anayejikuna usiku kucha anajua kwa nini tangazo lile liliuza.

Ndani: marhamu ilikuwa mafuta mazito ya jamii ya vaselini, yenye rangi ya kijani, manukato, na kiasi kidogo cha asidi ya kaboliki, yaani fenoli. Resolvent ya maji ilikuwa na iodidi ya potasiamu. Sabuni ilikuwa sabuni nzuri ya kuogea.

Bei: sabuni senti 25, marhamu senti 50, vidonge 60 senti 25. Jumla dola moja, na tangazo lenyewe lilisema seti moja mara nyingi inatosha.

Nadharia: zote kwa pamoja, nje na ndani. Hapo ndipo pesa zinapokwenda bure, kwa maoni yangu. Marhamu peke yake ingefanya karibu kazi yote, maana mafuta yanazuia ngozi kavu isipoteze maji na kaboliki inapunguza mwasho kidogo. Sabuni na maji ya moto kwenye ukurutu mbichi ni kitu ambacho madaktari wa ngozi wa wakati ule ule walikikataza. Na vidonge havikuwa na kazi.

Madhara: kaboliki kidogo haina shida kwenye sehemu ndogo ya ngozi isiyochubuka. Ikipakwa eneo kubwa la ngozi iliyochubuka ya mtoto, inaingia mwilini.

Inamfaa mtu mzima mwenye ngozi kavu, mvumilivu wa utaratibu, na aliye tayari kununua theluthi moja tu ya anachouziwa.

D.D.D.

Kampuni ya D.D.D. ya Chicago ilikwenda kinyume na wote. Ilitangaza kwamba ukurutu si ugonjwa wa damu hata kidogo, kwamba ni wa ngozi na unaletwa na vijidudu, na kwamba marhamu inakaa juu tu na kuziba vinyweleo wakati adui yuko chini. Kwa hiyo dawa yake ilikuwa maji. Nusu ya kwanza ya dai hilo ilikuwa karibu na ukweli kuliko dai la mshindani yeyote. Nusu ya pili ilikuwa nadharia ambayo mkutano wa Paris ulikuwa umeshaitilia shaka miaka kumi nyuma.

Ndani: tangazo lilipenda kutaja mafuta ya wintagrini, yale yenye harufu ya dawa za kuchua misuli. Wakemia walikuta pia pombe, gliserini, asidi ya salisiliki, kaboliki na klorali haidreti. Klorali ilikuwa dawa ya usingizi, nayo iko kwenye orodha ya vitu ambavyo sheria ya 1906 ilitaka vitajwe kwenye lebo. Ni moja ya dawa chache ambazo mnunuzi wa Marekani angeweza kujua sehemu ya siri yake kwa kusoma tu chupa.

Kuhusu kukata mwasho, D.D.D. haikudanganya. Kaboliki na klorali zinatia ganzi sehemu ya juu ya ngozi, pombe inapoza ikiruka, na mtu aliyejikuna wiki nzima anaweza kupata saa kadhaa za amani ndani ya dakika. Salisiliki nayo inalainisha na kuchuna ngozi iliyokakamaa, jambo ambalo marhamu ya mafuta matupu haiwezi. Sasa peleka mchanganyiko huo huo kwenye mkunjo wa kiwiko uliochunika na kutoa maji. Pombe inachoma kama moto, salisiliki inaendelea kuchubua, na ganzi inamfanya mwenyewe asijue anavyojiumiza.

Bei: chupa kubwa dola moja, ndogo ya kujaribia senti 25. Chupa ya kujaribia ilikuwa mtego mzuri, kwa sababu dawa hii inajionyesha papo hapo wakati ugonjwa wenyewe hauponi.

Inamfaa mtu mzima mwenye mabaka ya zamani, makavu, manene, yasiyo na kidonda, shingoni au kwenye kifundo cha mguu. Mtoto, hapana. Uso, hapana.

Zam-Buk

Charles Fulford wa Leeds ndiye aliyeitoa, mwanzoni mwa karne, na umaarufu wake uliwahi kufika mbali kuliko zote hapa. Australia na New Zealand watu wa huduma ya kwanza viwanjani waliitwa jina la marhamu hii. Bado inauzwa hadi leo, Afrika Kusini ikiwa mojawapo ya ngome zake.

Nadharia ni mitishamba: tangazo lilisisitiza kwamba haina mafuta ya wanyama wala sumu ya madini. Wakemia wa Uingereza walipoifungua walikuta mafuta ya mkaratusi, utomvu wa msonobari, na rangi ya kijani, vyote vikiwa ndani ya parafini laini na ngumu. Parafini inatoka kwenye mafuta ya ardhini, kwa hiyo sehemu kubwa ya hiyo dawa ya majani ilikuwa imechimbwa.

Ukitaka kujua wauzaji wake walikuwa watu wa namna gani, kuna kesi. Fulford aliuza pia vidonge vya Bile Beans, vilivyosemekana kugunduliwa na mwanasayansi Charles Forde katika mimea ya Australia. Aliposhtaki mwenzake wa Edinburgh kwa kutumia jina hilo, mahakama ya Scotland mwaka 1905 ilikataa kumlinda kwa sababu biashara yenyewe imejengwa juu ya udanganyifu. Mwanasayansi yule hakuwahi kuwapo. Rufaa ikashindwa 1906. Hilo halifanyi marhamu iwe mbaya, lakini ninapoona kopo lake nausoma uso wa tangazo kwa jicho moja.

Madhara: mkaratusi unaweza kuwasha ngozi iliyokasirika, na utomvu wa msonobari leo unajulikana vizuri kuwa ni chanzo cha mzio wa ngozi. Mtu anaweza kupaka dawa ya ukurutu na kujipatia ukurutu wa pili, halafu akaongeza dawa.

Bei: shilingi 1 na peni moja na nusu kwa kikopo kidogo. Inamfaa mwenye midomo mikavu, visigino vilivyopasuka, mchubuko wa uwanjani. Kwa ukurutu, mwenye mikono mikavu anaweza kuijaribu kwanza sehemu ndogo.

Resinol

Ya Baltimore, iliyoanza 1895 kwa daktari Merville Carter, na iliyojitangaza kwa upole. Ilikwenda kwanza kwa madaktari na wauguzi, kisha ikawaambia wananchi kwamba madaktari wanaiandika. Ilikuwa kweli kiasi.

Ndani yake kulikuwa na zinki oksidi na resosini katika mafuta. Zinki inatuliza na kukausha majimaji polepole. Resosini inapunguza mwasho na kuchuna kidogo. Kwa macho ya leo ndiyo dawa ya chapa iliyotengenezwa kwa akili zaidi kati ya hizi tano, na hainiudhi kuona iliishi muda mrefu. Shida yake ni resosini kwa mtoto mchanga: ikipakwa eneo kubwa inaweza kumdhuru, na tangazo halikuwa na neno juu ya hilo. Marhamu senti 50 au dola moja kwa kopo kubwa, sabuni senti 25. Sabuni iache dukani, kwa sababu zile zile za Cuticura.

Clarke's Blood Mixture

Hii ni ya kunywa, kutoka mji wa Lincoln, Uingereza, na iliapa kutoa uchafu wote kwenye damu, kwa chanzo chochote: ukurutu, vidonda vya miguu, chunusi, majipu. Marekani ndugu zake walikuwa kina Ayer's na Hood's, wote wa Lowell, Massachusetts, na S.S.S. ya Atlanta. Ndani ya Clarke's kiungo chenye nguvu kilikuwa kimoja, iodidi ya potasiamu, katika maji matamu.

Ni rahisi kuicheka, lakini barua za waliopona zinastahili kusikilizwa. Tangu daktari William Wallace wa Dublin aandike juu yake katika miaka ya 1830, iodidi ya potasiamu ilijulikana kuyeyusha vidonda vya kaswende iliyokomaa. Sasa fikiria watu maelfu wenye vidonda vya ngozi visivyopona, ambao hawakuambiwa ni kaswende au hawakutaka kuambiwa. Wakanywa Clarke's, vidonda vikafunga, wakaandika barua kwa furaha na kwa ukweli, wakiita ugonjwa wao ukurutu. Mwenye ukurutu halisi akasoma, akanunua, akapata mafua ya iodidi na pengine vipele vipya, kwa sababu iodidi yenyewe huleta vipele. Tangazo lilikuwa na jibu hata kwa hilo: uchafu unatoka.

Bei: shilingi 2 na peni 9 kwa chupa, au shilingi 11 kwa chupa yenye ujazo wa mara sita. Kibarua wa shamba Uingereza alikuwa akipata chini ya pauni moja kwa wiki (pauni ilikuwa shilingi 20, na shilingi peni 12), kwa hiyo chupa ndogo ilikula karibu sehemu ya saba ya pauni hiyo, na aliyeshawishika kuokoa kwa kununua kubwa alitoa zaidi ya nusu.

Ninamtafuta mtu wa ukurutu ambaye hii ingemfaa na simpati. Ningesema vivyo hivyo kwa chupa za kusafisha damu zinazotembezwa kwenye stendi zetu za mabasi.

Isiyo na tangazo: zinki ya mfamasia

Nyuma ya kaunta ile ile mfamasia alikuwa na mtungi wa marhamu ya zinki. Kama alikuwa na bidii, angeweza kukuchanganyia pia ujiuji wa Oskar Lassar wa Berlin: sehemu 24 za zinki oksidi, 24 za wanga, 50 za vaselini na 2 za asidi ya salisiliki. Fomula ilikuwa wazi kwa yeyote. Haikuahidi kuponya. Ni nyeupe, nzito, inachafua mashuka, haina harufu ya kuleta matumaini, na kwa ukurutu unaotoa majimaji mepesi haikuwa na mpinzani kwenye rafu, hasa ile isiyo na salisiliki kwa mtoto. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu hakukuwa na ukurasa wa gazeti wa kulipia.

Nisionekane namtetea daktari kupita kiasi. Huyo huyo angeweza kukuandikia matone ya Fowler, ambayo ni aseniki, na kukuacha uyanywe miezi mingi kwa ukurutu wako. Daktari Jonathan Hutchinson wa London alikuwa ameshaonya tangu miaka ya 1880 kwamba aseniki ya muda mrefu inafanya viganja viwe na magamba magumu na hatimaye saratani. Kwa hiyo anayekimbilia kopo la dukani wakati mwingine alichagua baya dogo.

Sasa, wewe ni nani?

Kama una mtoto mchanga mwenye mashavu mekundu yanayotoa maji, chukua zinki isiyo na chapa na umwache bila sabuni. D.D.D. isivuke kizingiti. Resinol na Cuticura ziogope kwa sababu ya eneo kubwa, hata kama tangazo lina picha ya mtoto anayecheka.

Kama ni dobi au mpishi, mikono mikavu yenye mipasuko, mafuta yoyote mazito usiku yatakusaidia. Marhamu ya Cuticura pekee ni chaguo zuri. Zam-Buk ni sawa ikiwa haikuwashi. Vaselini tupu inazifuatia zote mbili kwa karibu sana na inabakisha chenji.

Kama una baka moja nene la miaka mingi, lisilo na kidonda, na mwasho unakunyima usingizi, D.D.D. ina hoja. Tumia pale tu, na ukiona panalowa, acha.

Kama ukurutu wako uko katikati, mwekundu lakini haulowi sana, na wewe ni mtu mzima, Resinol au ujiuji wa Lassar. Tofauti kati yao ni harufu, mashuka na senti.

Kama kidonda kiko mguuni, kirefu, hakiwashi wala hakiponi, usichague chochote kwenye orodha hii. Kipimo cha Wassermann cha kaswende kilikuwapo tangu 1906, na aliyepimwa angejua kama iodidi ya Clarke's ina kazi kwake, tena kwa bei ya mfamasia na chini ya jicho la daktari.

Kama unaandika hadithi, fuata mji na mfuko. Fundi wa kiwanda Leeds ana Zam-Buk. Karani wa Boston mwenye mke msomaji wa magazeti ana seti nzima ya Cuticura, na vidonge vya chokoleti vimeshaliwa na watoto. Muuguzi wa Baltimore ana Resinol. Mzee wa Lincoln ananunua Clarke's ya shilingi 11 na hamwambii mtu ni ya nini.

Na kama ukurutu ni wako, leo, haidrokotisoni iliyoandikwa na mtabibu na mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato yanashinda rafu nzima ya 1910. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi wa kanda yetu tangu 1992, kwa hiyo uliza hospitali ya mkoa wako kama ina mmoja wao, na nenda na kopo unalolitumia sasa ili aweze kusoma lebo.